Madamu Alipovaa Viatu Vikubwa

Mpira wa gari ukishikishwa kiraka kwa moto, harufu yake hukaa kooni kwanza, ndipo pua iitambue. Juzi asubuhi ilinikuta nimebeba bakuli la wali na sombe ya majani ya muhogo, nikimpelekea mdogo wangu Rama kwenye kibanda chake cha ufundi hapa Alunguli, upande wa macheo wa mto, tulikokulia sote wawili. Nilisimama nje ya kibanda nikashindwa kuingia. Hasira ilinipanda ambayo sikujua ni ya nani.

Rama alikuwa amelala chali chini ya gari la zamani, la umbo la wakati wa babu zetu, lenye taa za mviringo na pua ndefu. Alikuwa ameliinua juu ya magogo na kuyatoa magurudumu yake madogo. Pembeni yalisimama magurudumu mengine, makubwa, ya gari la mizigo, yenye meno ya kuuma matope. Aliponiona alitoka chini, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Dada, uko mugonjwa?"

"Unaifanyia nini iyi gari?"

"Ninaivalisha mipira ya mukubwa. Mwenyewe anataka ikuwe juu, watu wasimame kuiangalia. Njo mambo ya sasa, ndiyo yanapendwa."

Nilimwambia ayaondoe, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Alicheka, akidhani ni utani wa dada mkubwa, akanipokea bakuli na kunisogezea kiti. Sikumlaumu. Hakuwa amezaliwa nilipoiona kazi hiyo ikifanywa kwa mara ya kwanza, uani kwetu, kwa mikono ya baba ambaye yeye hakumwona kamwe.

Baba yetu alikuwa dereva wa maharusi. Jina lake Ramazani, na Rama amerithi jina hilo. Gari lake lilikuwa la mzungu mmoja wa machimbo ya bati aliyeondoka zamani bila kuaga mtu, likapita mikono mingi hadi likafika kwa baba, na watu wakaliita Madamu. Lilikuwa na rangi ya maziwa, viti vyekundu vilivyoshonwa na kushonwa tena, na tumbo lililokaa chini karibu na ardhi, maana liliundwa kwa ajili ya barabara laini ambazo sisi hatukuwa nazo. Baba alimfuta Madamu kila asubuhi kabla hajanywa chai. Koko, yaani bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, alizoea kumwambia mama kwamba ameletewa mke mwenza asiyezeeka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Siku zile mama alikuwa mwepesi wa kucheka.

Kwetu bibi arusi hatolewi kwa wazazi wake moja kwa moja. Dereva humpakia, huwasha gari, kisha huzunguka uani mara moja, ili gari lililokwisha kuelekea njiani lirudishe uso mlangoni kwanza. Hapo wazazi humwona binti yao akija, ingawa wanajua anakwenda. Nilikuwa nikipelekwa kwenye arusi hizo, nikikaa mbele karibu na baba, na nilipenda pale Madamu alipozunguka huku honi ikilia bila kukatika, akina mama wakipiga vigelegele na wazee wakijipangusa macho kwa kisingizio cha vumbi. Baba aliizoea desturi hiyo hata akaifanya ya nyumbani. Akienda sokoni tu, au kwenye kivuko kupokea mgeni, alizunguka kwanza mpapai wetu uliokuwa katikati ya uwanja, mimi nikimkimbilia nyuma kwa makelele. Hakuna aliyenieleza maana yake. Nikajitungia sheria yangu mwenyewe: anayezunguka atarudi. Na kweli, kila mara alirudi.

Vita vilipotufikia, treni iliacha kuja ng'ambo ya mto, petroli ikawa kitu cha kufichwa, na maharusi wakaanza kwenda kwa waume zao kwa miguu. Baba alizika madumu yake ya petroli chini ya udongo wa jiko, akamfunika Madamu kwa majani ya migomba asionwe na watu wa bunduki. Mama hakuwapo. Alikuwa ameitwa kwao Pangi kumwuguza baba yake, akiwa na mimba changa. Mzee akafa, mama akabaki kumaliza matanga, na kabla matanga hayajaisha njia ikafungwa. Tulipata habari zake kwa waendesha baiskeli waliopita na chumvi na mafuta ya mawese. Walisema yuko hai. Baadaye walisema yuko hai na tumbo limekuwa kubwa.

Habari hiyo ya pili ilimtisha baba kuliko milio ya bunduki. Mimi nilizaliwa kwa kisu, mama alipasuliwa katika hospitali ya ng'ambo, na daktari alikuwa amemwonya kwamba mtoto atakayefuata lazima atolewe vivyo hivyo, kabla uchungu haujapamba moto. Huko alikokuwa hakukuwa na daktari wala kisu cha kazi hiyo. Uchungu ukimshika kule, angekufa yeye na mtoto. Nililijua hilo, maana Koko alilisema mbele yangu bila kuficha, akipepeta mchele, na machozi yakidondokea kwenye ungo.

Kwa baiskeli asingebebeka katika hali ile. Kwa Madamu, tumbo la gari lingekaa juu ya matope kabla ya nusu ya njia, kwa sababu malori ya vita yalikuwa yameichimba barabara mpaka ikawa mifereji. Nakumbuka baba alikaa siku nzima kwenye kigoda, amemfunua Madamu, anamtazama magurudumu yake. Jioni aliinuka akaenda kwa jirani yetu Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, ambaye gari lake dogo la mizigo lilikuwa limeng'olewa injini na askari, likabaki nyuma ya duka limesimama na magurudumu yake mazima. Nilimfuata baba nikamsikia akiomba. Hakuzoea kuomba, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Chukua yote, Papa Salima," Papa Kambale alimwambia, akimwita kwa jina langu kama watu wazima wanavyoitana kwetu. "Mipira inaozea hapa bure. Na ile Madamu njo iliniletea muke mu iyi nyumba. Twende nikusaidie kuisukuma."

Walikuja wakiyaviringisha barabarani, wanaume wawili na magurudumu manne, na mtaa mzima ukatoka kutazama.

Aliyefanya kazi ni baba na rafiki yake, Fundi Asumani, mtu mfupi asiyesema sana. Vyuma vya magurudumu yale vilikuwa na matundu matano ya kufungia, Madamu alikuwa na vishikio vinne. Umeme haukuwapo. Asumani alitoboa matundu mapya kwa keke ya mkono, akizungusha na kudondoshea mafuta ya mawese ili chuma kisipate moto, na baba alipopokea zamu alizungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mlio wa keke ile ulikuwa wa kusaga meno. Ulikuwapo nikiamka na ulikuwapo nikila, pamoja na harufu ya viraka vya mpira vilivyoshikishwa kwa moto. Chini ya mgongo wa Madamu waliongeza pau za springi za lori lililokufa, ili asimame juu zaidi. Bado magurudumu hayakuingia, kwa sababu mabati yaliyofunika miguu yake yalikuwa na matao madogo. Hapo baba alichukua tindo na nyundo.

Nilidhani anamwadhibu. Huyu ndiye aliyekuwa akinikaripia nikimgusa Madamu na vidole vyenye mafuta, na sasa alikuwa akimkatakata matao kwa nyundo, vipande vya rangi ya maziwa vikianguka mchangani. Nililia nikamwambia aache, Madamu hakufanya kosa. Baba hakuacha. Alisema tu, bila kunitazama, "Salima, okota vile vipande visikuchome miguu." Nikaviokota, nikaviweka kwenye kanga ya mama, na nilimchukia kidogo siku ile.

Kazi ilipokwisha, Madamu alisimama juu sana, kiwiliwili chembamba juu ya miguu minene. Majirani walicheka hata wakasahau vita kwa muda. "Madamu amevaa viatu vya askari!" walipiga kelele. Baba naye alicheka. Koko hakucheka. Usiku uliotangulia alikuwa amegombana na baba kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa macho.

"Mwanangu, aliye kando haangukiwi na mti," Koko alimwambia.

"Mama, mti ulisha kuanguka. Muke wangu njo iko chini yake."

Tangu hapo Koko hakumkataza tena.

Kabla ya safari baba na Asumani walifanya majaribio ya mwisho, lakini mimi nilitumwa mtoni kuchota maji. Niliporudi niliwakuta wamechuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, wanaongea polepole. Asumani ameshika kipande cha mti mgumu, anatikisa kichwa. Waliponiona walinyamaza, baba akanipokea ndoo kichwani. Niliona wakikifunga kile kipande mahali fulani kwa ndani, nyuma ya gurudumu, sikujua cha nini wala sikuuliza.

Asubuhi ya kuondoka Koko alisoma Fatiha, akamtemea baba mate ya baraka utosini. Baba alininyanyua, akanipandisha mpaka nikaona juu ya paa la Madamu, akasema, "Ninakwenda kukuletea mama." Akaingia, akawasha. Mimi nikakimbilia mpapai, nikasimama pale pembeni kumngoja azunguke ili nimfuate nyuma kwa makelele. Madamu alitoka chini ya banda, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lango, akatoka, magurudumu yakirusha udongo. Sikuona mkono dirishani. Nilimsikia akipanda mlima wa njia ya Pangi, kisha sikumsikia tena.

Nikasema kwa sauti, mbele ya Koko na majirani waliokuwa kwenye ua, "Baba harudi."

Koko alinifunga mdomo kwa kiganja, kiganja chenye pumba za mchele, akanibana hivyo mpaka nikakosa pumzi. Lakini neno lilikwisha toka, na waliolisikia wakatazamana.

Mama alirudi bila baba, na hakurudi kwa gari. Alikuja amelazwa kwenye machela ya fito na kamba za mwituni, amebebwa na wakulima na wachimba bati wa Pangi, wanaume wasio ndugu zetu, wakipokezana mabega, miguu yao imechubuka. Hawakuingia nyumbani. Walishuka naye moja kwa moja mpaka mtoni, wakampakia mtumbwini, wakamvusha hadi hospitali ya ng'ambo, na kule Rama akatolewa kwa kisu, akalia. Wanaume wale walikaa nje ya hospitali mpaka waliposikia kilio cha mtoto, ndipo wakaomba maji ya kunywa.

Nilipomwuliza mama baba yuko wapi, alisema, "Baba alibaki na gari." Hakuongeza neno. Baadaye waendesha baiskeli walileta habari kamili: Madamu ameungua kando ya njia, katikati ya msitu, na wakulima wa kijiji cha karibu wamemzika baba papo hapo, wakaweka mawe. Wakati wa matanga Koko alijifunika kanga uso mzima, na siku alipoitoa alikuwa amezeeka.

Halafu watu wakalikumbuka neno langu. Kwetu mtoto anayetamka kifo kabla hakijafika hatazamwi kwa jicho zuri. Mama mmoja jirani alianza kumwita mwanawe ndani nikitokea. Mwingine alimshauri Koko nipelekwe kuombewa, ulimi wangu usije ukamaliza nyumba. Koko alichukua mchi wake, akasimama langoni, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Muntu anayesema huyu mutoto iko na ulimi mubaya, aingie asemee hapa ndani. Mimi ninamungoja." Hakuna aliyeingia. Alikaa pale na mchi wake mpaka jua likatua, na kesho yake akakaa tena.

Koko alinitetea kwa watu, lakini hakuweza kunitetea kwa nafsi yangu. Nilikua nikiamini mambo mawili yasiyopatana, na yote mawili yaliuma. La kwanza, kwamba neno langu lilimuua. La pili, kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameamua kutorudi, ndiyo maana hakuzunguka, na kwamba aliniaga kwa uongo. Mpaka leo mtu akisafiri kutoka nyumbani kwangu, mimi huingia chumbani nikafunga mlango mpaka atoke. Mume wangu amezoea. Watoto wangu wanadhani sipendi kuaga.

Basi juzi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Rama, bado nina hasira, yeye akifunga gurudumu la mbele la gari lile. Alipomaliza aliniomba niingie nizungushe usukani ili yeye atazame kwa chini. Niliuzungusha. Ulikwenda kidogo, ukagota.

"Umefika mwisho?" nikauliza.

"Njo mwisho wake sasa. Nimeiwekea kizuizi. Bila ile, mupira utagusa chuma ya ndani, utakatika."

"Kwa hiyo haizunguki?"

"Mu barabara kubwa hakuna shida, dada. Ila mu uwanja kama huu haiwezi kuzunguka hata kidogo. Itaenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka uchoke."

Nilibaki nimeshika usukani. Nilikiona tena kile kipande cha mti mkononi mwa Fundi Asumani, na uwanja wetu, na mpapai, na mimi nimesimama kando yake. Baba hakuweza kuzunguka. Hakukuwa na uongo wala uamuzi wala ulimi. Kulikuwa na magurudumu makubwa na uwanja mdogo. Nililia pale ndani ya gari la mtu, Rama amesimama na spana yake hajui afanye nini na dada yake mtu mzima.

Lakini nafuu ile haikudumu. Kabla sijamaliza kujifuta macho nilikuwa nimeona lingine: kama Madamu hakuweza kugeuka uani, angegeuka wapi kwenye njia ya msitu, miti huku na huku? Wengine wakiona hatari hugeuza gari wakakimbia. Yeye alikuwa amejifunga ndani ya kitu kinachojua kwenda mbele tu, na alijifunga kwa mikono yake, kwa keke na tindo, ili amfikie mama. Magurudumu yale ndiyo yaliyomuua. Niliondoka bila kuaga, nikaenda kwa mama.

Mama siku hizi anaishi nyuma ya nyumba yangu, macho yamefifia lakini masikio yanasikia panya akitembea. Nilimkuta anachagua mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, juu ya usukani na kizuizi na njia nyembamba, nikamwambia kwamba sasa ninajua kwa nini baba alibaki na gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutafuta mawe kwenye sinia.

"Nani alikuambia gari ilimushinda?" akauliza.

"Haikuweza kugeuka," nikasema.

"Ile mipira ilitupitisha mahali hata lori lilikwama, usiitukane. Tulisikia bunduki mbele, na watu wa baiskeli waliotukuta wakasema nyuma nako watu wa bunduki wamefika. Kweli gari haikuweza kugeuka. Basi akaizima, akashuka. Alishuka na sisi, Salima. Alinishika mukono tukaingia mu pori pamoja na wale watu wa Pangi waliotusindikiza kusukuma gari."

"Alishuka?"

"Alishuka. Tulitembea kidogo, na hapo tumbo likanishika. Nikakaa chini, sikuweza kusimama. Wale watu wa bunduki walikuwa wanakuja mu njia kwa miguu, tunasikia wanaongea, wanaongea karibu. Mimi nilikuwa ninalia na sikuweza kunyamaza. Baba yako akaniangalia. Akasema, 'Mama Salima, lia polepole.' Akawaambia wale wanaume wakate fito za machela. Yeye akarudi kule tulikotoka. Nilifikiri anakwenda kuchungulia tu."

Mikono yake ilisimama juu ya mchele.

"Nikasikia injini ya Madamu inawaka. Akaipeleka mbele, polepole, na honi analiza vile alikuwa analiza ku ndoa, hakati. Wale watu wote wakaikimbilia. Hakuna alibaki wa kunisikia mimi."

Nilikaa chini sakafuni. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hii, kwa nini aliniacha niishi na neno moja tu, alibaki na gari. Alisema ni kwa ajili ya Rama. Mtoto akijua kwamba baba yake alikuwa amekwisha kuokoka, kisha akarudi kwa sababu ya tumbo alilokuwamo yeye, angebeba vipi mzigo huo? Alitaka kwanza akomae. Kisha alipokomaa, yeye mama alikuwa amezoea kunyamaza, na kila mwaka maneno yalizidi kuwa mazito.

"Umwambie wewe," akasema. "Mimi siwezi tena."

Nilitaka kukataa. Mimi ndiye mtu wa mwisho anayefaa kupewa neno alipeleke kwa mtu, nikamwambia hivyo. Mama akarudia mchele wake. Lisilo budi hutendwa. Nikajifunga kanga nikatoka.

Rama alikuwa ameliteremsha gari kutoka kwenye magogo. Lilisimama juu ya magurudumu yake mapya, na yeye alikuwa akila wali niliomletea, umekwisha poa. Nilimwambia aweke bakuli chini. Nilimsimulia tangu mwanzo: maharusi, kuzunguka, matanga ya Pangi, keke ya mkono, msitu, honi. Sikuruka kitu, hata kile cha ulimi wangu, ambacho hakuwahi kukisikia. Alinisikiliza akitazama mikono yake yenye grisi. Barabarani watu walikuwa wakisimama kulitazama gari, mmoja akamwita kumsifu, hakuitika.

Nilipomaliza alijipangusa mikono kwenye suruali. Niliogopa. Nilidhani ataniuliza walimfanya nini baba, au alizikwa wapi, na nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Hakuuliza hayo.

"Alijua ni mimi?" akasema. "Alijua atazaliwa mutoto mwanaume?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakujua hata kama utakuwa wa kike au wa kiume. Alijua tu kwamba uko."